Diski ya Nane Inagonga

Wewe ungefanya nini kama diski iliyokufa, imelala mezani bila waya, ingegonga mara nane?

Binti, peke yake kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, alicheka. Digrii ya kompyuta, first class, halafu miaka mitatu ya kujitolea chuoni bila barua ya ajira. Jini gani angemtisha zaidi ya hapo? Mkuu wa chuo alikuwa mjomba wake, tumbo moja na mama yake. "Be patient, mpwa wangu," alimwambia asubuhi ile. "Rudisha alama za wanafunzi kabla ya mahafali kesho, barua naisaini mwenyewe."

Diski nane zilishirikiana kutunza alama hizo. Moja ikifa, saba zilizobaki huziba pengo lake, mradi kila moja ikae kwenye tundu lake. Sasa mjomba, mjuaji, alikuwa amezichomoa zote azipanguse, akafuta vumbi pamoja na namba za matundu alizoandika kwa penseli fundi wa zamani. Fundi mwenyewe, waliambiwa, kapata kazi ng'ambo. Hata kuaga hakuaga.

"Dada, toka humo," mama wa usafi alinong'ona mlangoni. "Tangu fundi aondoke kuna kitu kinagonga. Na pipi zake za mnanaa, husikii harufu?"

"Ni feni, mama."

Lakini aliposhika diski ya kwanza, ikagonga mara tano kiganjani. Iliyofuata, mara mbili. Akazipachika kwa hesabu hiyo, iliyogonga tano tundu la tano, mnanaa umemjaa puani, taa zikawaka kijani moja moja, alama zikaanza kurudi, na nyuma ya alama zikaja picha za kamera ambayo mjomba aliapa iliharibika zamani, na ndani ya picha fundi anagonga mlango huuhuu, gesi ya kuzimia moto, ile inayokata pumzi, imejaa chumbani, anagonga kwa ngumi, kisha kwa kiganja, mara nane, anateleza chini, na upande wa pili wa kioo cha mlango mjomba amesimama, ufunguo mkononi, anatazama saa.

"Zimerudi?" sauti ikauliza nje ya mlango.

"Mjomba... ulisema kasafiri."

"Nilimwomba tu abadilishe alama za mtoto wa mwenyekiti wa bodi. Akajifanya mkaidi." Sauti laini, ileile iliyomwahidi mama yake ajira ya binti kwenye simu. "Na wewe nilikutuma urudishe, sikukutuma uangalie."

Ufunguo ukazunguka. Juu, bomba la gesi likaanza kufoka.

Mahafali yalifana. Mama yake aliambiwa binti kapata kazi ng'ambo. Mama wa usafi hapiti tena korido ile: siku hizi wanaogonga ni wawili.

Mkuu wa chuo, na wewe mwenyekiti uliyepiga makofi mwanao akivishwa joho: msitutafutie fundi mwingine. Fungueni huo mlango, mchana kweupe, mama yake binti akiwa amesimama hapo.