Pete ya Chumba Namba Nne

Kiboksi kilikuwepo. Pete haikuwepo.

Mahali ambapo pete ya dhahabu ilikuwa imelala tangu Ijumaa jioni palikuwa na kifurushi cha karatasi laini, kidogo kama jino, kimekunjwa kwa nidhamu. Inspekta alikiinamia. Kona moja ya karatasi ilikuwa imegeuziwa nje, imechomoza kama ulimi. Aliivuta kwa kucha mbili. Karatasi ikafunguka yote kwa mara moja, na ndani yake kikaonekana kipande cha sabuni ya hoteli.

"Sabuni," alisema Inspekta.

"Sabuni," aliitikia Sajenti, akaandika.

Mlalamikaji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali yake nyeusi imechafuka vumbi kwenye goti moja. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na alizungumza kama watu wa kazi hiyo: kwa saa, kwa hatua, kwa pembe. Saa tatu asubuhi pete ilikuwemo, aliiona kwa macho yake. Akakirudisha kiboksi kwenye mfuko wa pembeni wa begi, akafunga mlango, akashuka ukumbini kusimamia maandalizi. Saa tano kasorobo akarudi kufanya mazoezi.

Inspekta alitaka kujua mazoezi ya nini.

Kijana akatazama sakafu. Ya kupiga goti, alisema. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, akashuka goti moja, akafungua kiboksi huku anatabasamu, na kioo kikamwonyesha mwanamume aliyepiga goti anaposa kwa sabuni.

Sajenti alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, amefuatilia ng'ombe, majenereta na mara moja kengele ya shule, na hakuwahi kukutana na mwizi anayeacha kitu badala ya alichochukua. Mwizi huchukua akakimbia. Huyu alikaa akakunja karatasi.

Mchumba hakujua lolote, kijana alieleza. Alidhani wamekuja mapumziko ya siku mbili tu, yeye chumba namba tano, kijana namba nne, kwa heshima. Ombi lilipangwa kwa saa tisa alasiri. Akamshika Inspekta mkono.

"Afande, nakuomba kitu kimoja. Chunguzeni mtakavyo, ila yeye asijue kilichoibwa ni pete. Mwambieni kitu kingine."

Ombi la kipuuzi, lakini kijana alikuwa na macho ya mtu anayezama. Inspekta akakubali. Alikuja kulijutia kabla ya saa sita.

Upelelezi ulianza vizuri. Kitasa hakikuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo. Sajenti alinyunyiza unga kwenye kiboksi akapata alama za vidole vya mwenyewe, na nyingine zilizovurugika, zisizosomeka. Funguo zilikuwa mbili: moja mfukoni mwa kijana, nyingine kiunoni mwa mtandika vitanda.

Mtandika vitanda alikuwa mama wa makamo, mfupi, mikono imeiva kwa sabuni na maji ya moto. Alihojiwa katika stoo ya mashuka, amesimama wima kati ya marundo meupe.

"Uliingia namba nne saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Ukatoka?"

"Saa nne kasorobo."

"Mlango ulikuwa wazi ukiwa ndani?"

"Ulifungwa."

"Kuna mtu mwingine aliingia?"

Mama akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

"Hakuna."

Alikuwa anadanganya. Inspekta aliuona uongo huo waziwazi, kama doa kwenye shuka, ila hakuelewa ulikuwa wa nini. Walimpekua, Sajenti akamkagua mpaka kwenye soksi. Wakapekua kitoroli chake, kabati lake, mkoba wake wenye kitana na picha za mabinti wawili waliovaa sare za shule. Hawakupata kitu. Meneja, mtu mwenye tai fupi na sauti ndefu, alisema hoteli yake haina historia ya wizi na haitaanza leo. Kama mama huyo ndiye mshukiwa, basi aondoke na polisi na asirudi.

"Miaka tisa," mama alisema taratibu.

Kutoka hapo mambo yakaanza kumchanganya Inspekta. Alipopita ukumbi wa nyuma kutafuta mashahidi, aliona pazia linapumua. Akalivuta. Nyuma yake alisimama mama mnene mwenye gauni la kijani, mkononi ameshika kiatu.

"Wewe ni nani?"

"Mimi siko hapa," mama akanong'ona.

"Unasemaje?"

"Mimi ni shangazi yake kijana. Lakini siko hapa, baba. Rudisha pazia."

Hakuwa peke yake. Nyuma ya mapazia na chini ya meza walikuwapo watu kumi na wanne: wajomba, mabinamu, mama mdogo aliyekuwa amelala usingizi kabisa, na mzee mmoja mkimya ambaye ndiye aliyemzaa mchumba. Walikuwa wamefika tangu asubuhi, wamejificha ili watokeze kwa vigelegele saa tisa. Kila mmoja aliapa kwamba hakuwepo. Inspekta alijaribu kuandika maelezo ya mashahidi kumi na wanne ambao hawakuwepo, akaiweka kalamu mfukoni.

Mchumba mwenyewe alikutwa bustanini, mbele yake chai, mkate na birika. Alikuwa dada mwembamba, mpole wa sura, nywele amezifunga kwa kitambaa cheupe. Akauliza kwa nini polisi wamejaa. Inspekta akasema imeibwa kompyuta. Sajenti, ambaye hawakuwa wamekubaliana naye la kusema, tayari alikuwa amemwambia ni simu. Meneja, akipita, akampa pole kwa saa ya mchumba wake.

"Vitu vitatu, Afande?" dada aliuliza.

"Upelelezi unaendelea," alisema Inspekta, na masikio yakamwaka moto.

Alikaa mbele yake. Hakuwa na swali la maana. Kijana anayelia alikuwa juu, watu wasiokuwepo walikuwa nyuma, na mtu pekee aliyeweza kuwa mwizi hakuwa na kitu. Akauliza la kupitisha muda: alikuwa wapi kati ya saa tatu na saa tano? Chumbani kwake, akisoma. Hakutoka? Hakutoka.

Kupitia uwazi wa ua, waliona gari la polisi likifunguliwa mlango wa nyuma. Sajenti alikuwa anamwongoza mtandika vitanda, pingu mkononi. Mama alitembea kichwa juu, ila kilemba kilikuwa kimemlegea na hakuwa na mkono wa kukifunga.

"Yule mama mnampeleka wapi?"

"Kituoni."

"Amefanya nini?"

"Ndiye aliyekuwa na ufunguo."

Dada aliendelea kulitazama gari. Vidole vyake vilikuwa na kazi yao. Vilichukua nusu ya mkate aliouacha, vikaulaza katikati ya kitambaa cha karatasi, vikaleta upande wa chini, upande wa kushoto, upande wa kulia, haraka, bila yeye kutazama. Mwishoni vikageuza kona moja nje. Ikachomoza kama ulimi.

Inspekta aliutazama mkate huo kwa muda mrefu kuliko unavyostahili mkate.

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Muuguzi. Chumba cha upasuaji."

"Unafanya nini humo?"

"Natayarisha vifaa. Nafunga vifurushi kabla havijaingia kwenye mashine ya kuua vijidudu." Hapo sauti yake ilipata uhai kidogo. "Kwa siku, hata themanini."

"Na hiyo kona, kwa nini inaachwa nje?"

"Ili anayefungua avute hapo tu, asiguse cha nd..."

Akaacha. Macho yake yakashuka kwenye mkate. Akautambua kama mtu anavyoitambua sauti yake mwenyewe ikitoka redioni.

Inspekta akatoa mfuko wa vielelezo, akauweka mezani. Karatasi, mikunjo, kipande cha sabuni.

"Iko wapi?"

Muuguzi aligeuza ukosi wa blauzi yake. Upande wa ndani, juu kidogo ya moyo, pete ilikuwa imebanwa kwa pini, kama wauguzi wa upasuaji wanavyobana pete zao kabla ya kunawa mikono na kuingia kazini.

"Sikutaka kuiba," alisema. "Nilikwenda kuazima chaja. Mlango ulikuwa wazi, yule mama anafuta sakafu. Akaniambia haruhusiwi kuingiza mtu kwenye chumba kisicho chake, mwenzake alifukuzwa kwa kosa hilo. Nikamwomba sana. Akasema ingia haraka, ngoja nikalete taulo."

"Ukafungua begi."

"Natafuta chaja. Nikakuta kiboksi. Nikatazama nje dirishani nipate pumzi, nikamwona baba yangu anavuka ua amebeba kiti. Baba yangu, Afande. Haendi hata harusini."

"Ukaelewa."

"Nikaelewa yote."

"Na sabuni?"

"Kisiwe chepesi mfukoni mwake. Nilijua akikifungua mbele yao na hakuna pete, ataahirisha. Nilihitaji aahirishe tu."

"Humpendi?"

Aliuma mdomo. Lilipokuja jibu, lilikuja kwa vipande. Miaka sita nyuma, siku ya mahafali yake, mwanamume mwingine alimpigia goti jukwaani. Watu mia tatu wakaanza kupiga makofi kabla hajafungua mdomo. Akasema ndiyo. Alisema kwa sababu ya makofi. Ilimchukua miaka miwili kuirudisha ndiyo hiyo, na baba yake hakusema naye kwa mwaka mzima, kwa aibu ya mbele za watu.

"Huyu nadhani nampenda," alisema. "Siku nyingine nina hakika. Siku nyingine sijui. Lakini mbele ya watu mimi sina uwezo wa kujua, Afande. Mbele ya watu mimi husema ndiyo. Niliiba ili nisiulizwe."

Inspekta alitikisa kichwa. Aliwahi kusikia sababu za njaa, za wivu, za ulevi. Hii hakujua aiweke fungu gani.

"Na yule mama?"

"Sikujua mtamshika. Nilidhani kweli mnatafuta simu, si pete." Akasimama. "Nipeleke ukumbini. Walipo wote."

"Unaweza kusemea hapa. Naandika, unatia saini."

"Yeye mmemfunga pingu mbele ya watu wote."

Ukumbini shangazi alipowaona alijirusha nyuma ya pazia. Muuguzi akawaomba watoke. Wakatoka mmoja mmoja, na mama mdogo akaamshwa. Kijana akaletwa, goti bado lina vumbi. Meneja akaja. Mwisho Sajenti akamwingiza mtandika vitanda, na kwa amri ya Inspekta akamfungua pingu mlangoni. Mama akainua mikono akafunga kilemba chake kwanza.

Muuguzi alisimama mbele yao. Alisema kwamba pete aliiba yeye. Alisema mama huyu alimruhusu aingie kwa huruma, akanyamaza ili asipoteze kazi, na kwamba yeye ndiye aliyemwibia mama huyo jina lake jema. Alisema pia sababu, yote, pamoja na ile ya makofi, akimtazama baba yake. Mzee aliinamisha uso, akauinua tena, wala hakuugeuza pembeni.

Akamsogelea mtandika vitanda, akamwomba msamaha. Mama alifikiri.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Lakini samahani yako haitandiki kitanda. Mwambie huyu mwenye tai."

Kijana ndiye aliyemwambia. Alisema hadai chochote, anafuta malalamiko, na kama mama huyu atapoteza kazi kwa mlango uliofunguliwa kwa mchumba wake, basi watu kumi na wanne watabeba mizigo yao sasa hivi. Shangazi akaanza kuvaa kiatu. Meneja akasema hakuna aliyezungumzia kufukuza mtu.

Muuguzi akafungua pini, akaiweka pete kwenye kiganja cha kijana, akakikunja kiganja kwa mikono yake miwili. Inspekta alitaka kuondoka, lakini wao walikuwa wamesimama kati yake na mlango, akalazimika kusikia.

"Usiniulize leo," alisema muuguzi.

"Lini?"

"Usiniulize tena kabisa. Nikijua, nitakuja mimi. Nitakuuliza mimi, tukiwa wawili."

Kijana aliutazama mkono wake uliofumbwa. Hakujua alikuwa amekataliwa au amechaguliwa, na Inspekta, aliyekuwa karibu zaidi ya wote, hakujua pia.

"Na mimi nikikataa?"

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, muuguzi akacheka.

"Basi utakuwa huru kukataa," alisema. "Hakutakuwa na mtu wa kupiga makofi."