Nusu ya Picha

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda sawasawa, cherehani ya mama ilikuwa imeshaanza kunguruma sebuleni. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, na kila muhula ulipokaribia kufunguliwa meza yake ilijaa sketi na kaptura hadi watu wa nyumbani wakakosa pa kuweka kikombe cha chai. Binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa na kazi mbili za asubuhi: kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa, kisha kwenda kununua mikate miwili kwenye bekari iliyokuwa mtaa wa nyuma.

Wenzake walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. Alikula chapuchapu, alitembea chapuchapu, na hesabu alizifanya chapuchapu, hata zile za kukosea. Kwa habari ndiyo usiseme. Mwalimu akipata mafua leo, Chapuchapu alikuwa ameshajua jana. Darasa lao lilikuwa na grupu la simu kwa ajili ya kazi za nyumbani, na kila alasiri aliazima simu ya mama aingie humo. Kabla hajasoma alichoagiza mwalimu, alikuwa ameshatupia jambo la kuwachekesha au kuwashtua wenzake.

Jumatatu moja mama alimpa simu asubuhi.

"Ukifika bekari, zunguka uani umwombe Mjomba Tanuri akuonyeshe aproni moja ya zamani. Ipige picha, mbele na nyuma. Anataka nimshonee sita mpya."

Mjomba Tanuri ndiye aliyekuwa mwenye bekari, mwanamume mnene, mpole, mwenye unga kwenye nyusi saa zote. Chapuchapu alipofika uani hakumkuta. Aproni aliiona ikining'inia mlangoni, akaipiga picha. Alipogeuka kuondoka, akaona magunia matatu ya unga yameegemezwa ukutani. Moja lilikuwa wazi, na juu ya unga wadudu weusi walikuwa wakitembea kama watu waendao sokoni.

"Lo!" akasema, akapiga picha. Hakungoja kumuuliza mtu.

Alasiri, akiwa nyumbani, aliifungua ile picha. Juu ya magunia kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mnene: UNGA MBOVU. USITUMIKE. UNARUDI KWA MSAMBAZAJI. Aliyasoma maneno hayo yote. Kisha akafikiri kwamba picha ingetisha zaidi bila yale maandishi. Akavuta ukingo wa picha kwa kidole, akaikata, yakabaki magunia na wadudu peke yao. Chini yake akaandika: "Huu ndio unga wa mikate yetu. Tumekwisha!" Akairusha kwenye grupu.

Majibu yalimiminika. Wengine walicheka, wengine wakaapa hawatakula tena mkate. Chapuchapu alijiona mkubwa. Lakini kabla ya chakula cha jioni picha ile ile iliingia tena kwenye simu ya mama kupitia grupu la mafundi cherehani, kisha grupu la majirani, na hatimaye grupu la ukoo. Safari hii maneno yalikuwa yameongezeka: "Watoto watano wamelazwa hospitali. Sambaza kuokoa maisha."

Chapuchapu aliyasoma mara mbili. Watoto watano? Nani amelazwa? Yeye hakuandika hivyo. Haraka haraka akaifuta picha kwenye grupu la darasa, akarudisha simu mezani, akajifanya anakunja sketi.

Kesho yake shule ilikataa mikate ya chai ya saa nne. Saa sita Bwana Afya, mkaguzi wa vyakula, alifika bekari na mkoba wake, akachukua unga kidogo kutoka kila gunia na kubandika karatasi mlangoni: pamefungwa hadi majibu ya vipimo yatoke. Wafanyakazi sita wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya tatu, mama akiwa anashona na Chapuchapu akipiga pasi, mlango uligongwa. Aliingia mfungashaji wa mikate, dada mmoja mrefu ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Twiga. Kwa kawaida alikuwa mtu wa mizaha. Leo alikaa kwenye kigoda magoti yakifika kidevuni, na macho yalikuwa mekundu.

"Mama, wananiambia ni mimi niliyepiga ile picha," alisema. "Wanasema imepigiwa uani, na uani tunaingia sisi tu. Tena wiki iliyopita nilibishana na Mjomba Tanuri habari ya siku yangu ya mapumziko. Basi, wameunganisha."

"Na wewe umewaambiaje?" mama aliuliza.

"Nimewatolea simu yangu waione. Ni ya vibonye, Mama! Haina kamera. Hata tochi yake ni ya kuigongagonga. Wakasema nimeazima ya mtu. Nimeambiwa nisirudi kazini, na kesho naitwa polisi kutoa maelezo."

Pasi ilikuwa imesimama juu ya kaptura. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani.

"Wee! Unaunguza nguo ya watu!" mama akapiga kelele.

Chapuchapu aliinua pasi. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa kwa ajili ya kaptura. Lakini alimwona Dada Twiga akijifuta pua kwa upindo wa kanga.

"Mama, ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Picha. Nilipiga siku ile ya aproni. Kulikuwa na maandishi kwamba unga ni mbovu na unarudishwa. Nikayakata."

Cherehani ikanyamaza. Dada Twiga alimtazama, na kutazamwa kule kulimuuma Chapuchapu kuliko kofi. Mama alivua kidole cha chuma cha kushonea, akakiweka mezani taratibu.

"Omba radhi kwanza kwa dada yako," alisema. "Halafu tumpigie shangazi."

Chapuchapu akamwomba Dada Twiga radhi, na mama akapiga simu. Shangazi, dada yake baba, alikuwa karani wa mahakama. Alifika alipotoka kazini, faili kwapani, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho.

"Nilishaifuta," Chapuchapu alisema kwa sauti ndogo.

"Umeifuta kwenu. Huko ilikokwenda umeifuta?" Shangazi alivua miwani. "Mwanangu, sheria haimwangalii aliyeanzisha uongo peke yake. Hata aliyeupokea akausukuma mbele anaweza kuitwa ajibu, mtu akiumizwa na uongo huo. Na namba hii ya simu imesajiliwa kwa jina la nani?"

Chapuchapu alimtazama mama. Hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Wakifuatilia picha mpaka ilikotokea, mlango utakaogongwa ni wa mama yake.

"Na mimi nina langu la kujibu," mama alisema. "Nampa simu kila siku, sijawahi hata kuuliza anaandika nini humo."

"Ile picha nzima ipo?" Shangazi aliuliza.

Ilikuwapo, katikati ya picha za aproni na mitindo ya kola. Shangazi aliikuza, akasoma maandishi ya kwenye boksi, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu.

"Usiiguse. Usiipunguze hata ukucha. Mkosaji hukimbilia kufuta kila kitu, kumbe anafuta na ushahidi wa kumwokoa mwenzake. Haya, vaeni viatu. Tunakwenda kwa wenyewe."

Wote wanne, Dada Twiga akiwamo, walimkuta Mjomba Tanuri amekaa mbele ya tanuri lililopoa, trei zimepangwa tupu. Chapuchapu alisimama mbele yake na kusema yote mwenyewe, kwa maana mama alikataa kumsemea. Akaonyesha picha mbili, iliyokatwa na nzima.

"Magunia yale niliyakataa mimi," Mjomba Tanuri alisema polepole. "Niliyaweka nje ili yasiingie ndani. Nimesema hivyo tangu jana, hakuna aliyeniamini. Halafu nikamfukuza mtu asiye na kosa." Alimgeukia Dada Twiga, akasimama. "Dada, nimekukosea. Nisamehe."

"Nitakusamehe nikiona jina langu limesafishwa mbele za watu," Dada Twiga alijibu. "Maana nilichafuliwa mbele za watu."

"Na mimi nakuomba radhi, Mjomba," Chapuchapu alisema.

"Nimeipokea. Ila radhi yako haiwashi tanuri, binti. Watu wanaamini mikate yangu inalaza watoto. Utafanya nini?"

Chapuchapu alidhani swali lile lingemfanya alie. Badala yake akajikuta anafikiri. Ile picha ilitoka mkononi mwake ikapita kwa watu, mmoja hadi mwingine. Basi ukweli ungeweza kufuata njia ile ile.

Kesho yake asubuhi mama na Shangazi walimsindikiza Dada Twiga polisi. Walieleza ilivyokuwa, wakaonyesha picha nzima, na ofisa aliyeandika maelezo akamwambia Dada Twiga aende zake, hana kesi. Mama alionywa kuhusu simu yake, akatia sahihi.

Chapuchapu naye alikuwa na kazi ngumu zaidi ya zote. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu alipanda jukwaani wakati wa mstari. Wanafunzi wote walikuwa wakimtazama, na hakukuwa na mahali pa kujificha.

"Picha ya unga niliirusha mimi," alisema. "Niliikata. Dada Twiga hakuhusika. Hakuna mtoto aliyelazwa. Aliyenitumia kicheko simlaumu, ila naomba mniambie kila mtu mliyemtumia."

Kulikuwa na minong'ono, kulikuwa na kicheko, na kuna aliyezomea kutoka mstari wa nyuma. Aliendelea kusimama mpaka mwisho.

Wakati wa mapumziko alikaa na daftari. Mwanzoni alikuja mwanafunzi mmoja tu, msichana mtoro wa hesabu aliyekaa dawati la nyuma. "Mimi nilimtumia binamu yangu," alisema. "Yeye yuko kwenye grupu la waendesha bodaboda." Baadaye wakaja watatu, kisha foleni. Walipochora njia ile kwenye daftari, ilitawanyika kama mizizi: kutoka darasani hadi kwa majirani, mafundi, madereva, hata kwa mpiga picha za harusi. Makundi thelathini na manane!

Mchana ule mama alimpa simu, naye akakaa kando yake akisoma kila neno. Chapuchapu aliweka picha zote mbili pamoja, akaandika: "Hii ya kwanza niliikata mimi mwenyewe ili itishe. Hii ya pili ndiyo nzima. Someni maandishi. Bekari iliukataa unga huu. Tafadhali mpelekeni kila mtu mliyemtumia ile ya kwanza." Shangazi alimzuia kuandika jina kamili. "Wewe ni mtoto," alisema. "Mama yako ataweka lake chini, kama mzazi." Mama akaliweka bila kusita.

Darasa zima likaingia kazini. Kila mmoja alirudi kwa mtu wake, na yule mtu kwa mwenzake. Kila grupu lilipopata picha nzima, Chapuchapu aliweka alama kwenye daftari. Kumi. Ishirini na mbili. Mpiga picha za harusi alijibu kwa ujumbe wa sauti, "Mimi hukata picha kila siku, lakini hii, mwanangu, ulinikamata mzima mzima!" Siku ya pili, grupu la mwisho, la ukoo wao wenyewe, likapata alama yake baada ya babu mmoja mbishi kuandika: "Haya, nimeamini."

Ijumaa Bwana Afya alirudi na karatasi yake. Mbele ya umati uliojaa barabarani alisoma kwa sauti: unga uliokuwa ndani ni safi, tanuri safi, wafanyakazi safi, na unga mbovu ulikuwa umetengwa inavyotakiwa. Akaongeza kwamba bekari ile ilistahili pongezi, kwani si kila mtu hukataa mzigo mbovu. Akabandua karatasi ya mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na Mjomba Tanuri akamshika mkono Dada Twiga na kumsimamisha kwenye ngazi ya juu.

"Huyu nilimsingizia," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Hakufanya kosa lolote. Kuanzia leo ndiye msimamizi wa duka."

Jumamosi asubuhi foleni ilizunguka kona. Shule ilikuwa imeagiza mikate mara mbili ya kawaida. Chapuchapu alisimama kwenye foleni kama watu wote, na alipofika mbele Mjomba Tanuri alitoka ndani, unga kwenye nyusi, jasho likimtiririka.

"Binti," alisema, "ulikosa, na kosa lako lilikuwa kubwa. Lakini nimewaona watu wazima wengi wakikosa kisha wakajificha nyuma ya kioo cha simu. Wewe ulitoka. Kumbuka hivi: kidole kikigusa kutuma, kimefanya kazi ya mdomo, na anayeumia ni mtu mwenye nyumba na watoto. Uliza kwanza. Angalia picha nzima. Na ukikosea, rudi ukatengeneze mwenyewe, hadi nyumba ya mwisho."

"Nimesikia, Mjomba. Sitasahau."

Watu wa nyuma walianza kusukumana. Dada Twiga alifunga mikate miwili, ingali moto, akamkabidhi Chapuchapu kwa mikono yote miwili na kumkonyeza. Kisha akanyoosha shingo yake ndefu juu ya vichwa vya watu na kuita kwa furaha:

"Haya, anayefuata!"