Gunia Lililokauka

Msimu wa kuchuma ndengu ukifika, majirani wa Gachoka husaidiana, leo shamba hili, kesho lile. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya kina Wambeti. Asubuhi, yeye na mamake walijaza uji wa mtama kwenye mtungi wa plastiki, wakauvika gunia na kuuning'iniza kwenye tawi penye upepo.

"Gunia likianza kukauka, limwagie maji ya bwawa," Mama alimwagiza. "Upepo ukipiga gunia lililolowa, uji hupoa. Lakini maji hayo ni ya gunia tu. Ng'ombe huingia humo."

Wambeti alilimwagia mara mbili. Kisha akasikia binamu yake Tabby akimcheka kutoka shambani. "Wewe kaa kivulini kama nyanya! Mimi nishajaza debe!"

Damu ilimchemka. Akajitosa shambani kushindana naye. Jua likawaka hata maganda ya ndengu yakawa yanapasuka yakiguswa. Gunia likakauka kabisa.

Saa sita wachumaji walipoanza kuja kunywa, Wambeti alikimbilia mtungi. Ulikuwa moto. Wangesema nini? Akatazama huku na huku, akamimina maji baridi ya bwawa ndani ya uji, akautikisa.

Mzee Nyamu, jirani yao, alifika wa kwanza. Mwezi uliopita alilazwa hospitalini kwa kuhara, akarudi mifupa mitupu.

"Haya, mwenye hoteli, nipe uji wa barafu!" alisema, na watu wakacheka.

Wambeti alimjazia kikombe. Mzee akakiinua kwa mikono yake iliyokonda.

"Babu, usinywe!" Sauti ilimtoka kabla hajafikiri. "Nimetia maji ya bwawa. Gunia lilikauka nikishindana na Tabby."

Kicheko kilikatika. Tabby akainamisha kichwa.

"Sasa tunywe mate?" mtu mmoja alinung'unika.

Mama hakugombana. Alimwaga uji wote mchangani, na Wambeti akaona heri angechapwa.

"Kimbia nyumbani," Mama alisema. "Lete yale maji yaliyochemshwa, kwa mtungi mwingine."

Wambeti alipanda mlima na kushuka akihema, mtungi mgongoni. Akauvika gunia, akalilowesha, akalilowesha tena, asibanduke hapo. Kufikia saa tisa maji yalikuwa baridi, na wachumaji wote walikuwa bado shambani.

Mzee Nyamu alikunywa polepole.

"Mjukuu wangu," alisema, "kiu tumeivumilia. Maji yale yangenirudisha wodini, na sijui kama ningetoka. Uliacha kazi uliyopewa, halafu ukataka kuficha. Hayo ni makosa mawili. Lakini ulikubali aibu mbele ya watu wote ili mimi nisiugue. Ukikosea tena, na utakosea, fanya hivyo hivyo. Sema mapema, kabla mtu hajaumia."

"Nimesikia, Babu."

Mzee akajaza kikombe, akampa. "Sasa kunywa. Umekimbia sana."