Wimbo wa Marehemu Babu

Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa ileile: kuchota maji bombani, kuyamimina kwenye madebe mawili ya Bibi, kisha kuchemsha kahawa. Bibi hakuvumilia uvivu hata kidogo. "Savina! Watu wamekwisha kunywa, sisi bado tunatazamana!" alikuwa akifoka, hata kama kambi nzima ilikuwa bado imelala. Lakini asubuhi ile ya tamasha hakufoka. Alikaa kwenye ngazi ya karavani, nyumba yetu ya magurudumu, akautazama mto Seine.

Tulikuwa na msiba. Babu, baba yake baba yangu, alifariki majira ya baridi. Jina lake silitaji, wala usiniulize. Kwetu Wamanushi, watu wa kuhamahama wa Ufaransa, jina la marehemu halichezewi. Baada ya mazishi tulichoma karavani yake, koti lake na gita lake. Naam, hata gita! Wagajo, yaani watu wasio wa kabila letu, walisimama barabarani wakashangaa, na mmoja akatuita wendawazimu. Basi na atuite. Bibi aliacha kula jibini aliyoipenda marehemu. Baba naye aliacha kupiga muziki, ingawa muziki ndio uliokuwa kazi yake.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Babu aliutunga mwenyewe, wa taratibu, wa kucheza watu wawili wawili. Hakuupiga popote ila kwetu nyumbani. Alipofariki, hakuna aliyethubutu kuugusa. Ungepigwa tena siku ambayo Bibi angeruhusu, si kabla. Mimi niliujua wote, kwa sababu Babu ndiye aliyenifundisha gita.

Tamasha la jazi yetu, muziki wa gita na fidla, hufanyika katika mji wa Verlieu kila mwezi wa sita. Huja mabingwa waliozunguka dunia, huja pia wanamuziki wa ridhaa: makarani, walimu, waoka mikate. Mchana kutwa hukaa pamoja kwenye viti vya kukunja, aliyebobea na anayebabaisha, wakipiga nyimbo zilezile. Mwaka ule tulikuja kwa mazoea tu. Baba alikataa kupanda jukwaani.

"Kanunue mikate urudi," aliniambia. "Na gita usiguse."

Nikaenda. Karibu na duka la mikate palikuwa na kundi la wapigaji. Bwana Pieter, daktari wa meno kutoka Ubelgiji, alikuwa akikong'ota gita huku jasho likimtiririka.

"Daktari, hilo ni gita au gego?" mtu mmoja alimtania.

"Gego lingekwisha kutoka zamani!" akajibu, wote wakaangua kicheko. Hata Bwana Anselme, bingwa wa fidla ambaye angefungua jukwaa jioni ile, alicheka hadi akashusha upinde wake.

Kando yake alikaa msichana wa rika langu aitwaye Odile, na gita jipya, na karatasi ya nota mbele yake. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Wewe si wa zile karavani? Nasikia mwaka huu hampigi. Mmeishiwa nini?"

"Hatujaishiwa."

"Basi piga tusikie. Au hujui kusoma nota?"

"Nota kwani zinaliwa?" nilimjibu, na watu wakacheka tena. Odile akanisukumia gita lake. Ningeweza kupiga wimbo wowote. Nyimbo hamsini nazijua. Lakini nilitaka kumfunga mdomo, na hasira haina macho. Vidole vyangu vikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa Babu.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Bwana Pieter alikuwa amenirekodi kwa simu yake.

"Huu sijapata kuusikia," alisema Bwana Anselme. "Ni wa nani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Odile alikuwa ananitazama, nami nikasema, "Ni wangu. Nimeutunga mimi."

"Wewe? Mtoto kama wewe!" Macho yalimtoka, akaniuliza jina, nikamtajia. "Daktari, naomba nisikie tena hiyo rekodi. Saa kumi na moja jioni nitaupiga jukwaani, na nitalitaja jina lako, Savina."

Nilirudi na mikate kifuani, furaha imenijaa. Haikufika mbali. Nilipomwona Bibi palepale kwenye ngazi, na kitambaa chake cheusi, furaha yote iliniishia nikabaki na woga mtupu. Jioni angeusikia wimbo wa mumewe ukipigwa mbele ya umati, nacho kifo hakijatimiza hata mwaka.

Mchana nilikwenda kumtafuta Bwana Anselme nyuma ya jukwaa.

"Tafadhali usiupige," nilimwomba. "Bado... bado sijaumaliza."

"Wasanii wote wana woga," alisema huku akinipigapiga begani. "Utazoea, binti."

Nilijaribu kuuzima uongo mmoja kwa uongo mwingine, haukuzimika. Nikarudi nimenywea.

Saa tisa walianza kujaribu vipaza sauti. Bibi alikuwa anamenya viazi. Mara fidla ikalia juu ya mto mzima, wimbo uleule, wazi kabisa. Bibi akashika kisu mkononi asimenye tena. Heri angepiga kelele.

Baba alitoka mbio akamkaba baba mdogo, Tatino, ambaye wiki nzima alikuwa akipiga na wagajo.

"Umewapa! Wewe ndiye umewapa wimbo wa baba yetu!"

"Kaka, naapa kwa mwanangu, sijawapa!"

"Nani mwingine anaujua? Nani? Leo si ndugu yangu tena! Funga karavani yako uondoke!"

Baba mdogo alikuwa amepauka. Mke wake alianza kuanua nguo kwenye kamba huku akilia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningenyamaza, wangeondoka kweli, na Baba angebaki bila ndugu kwa ajili yangu.

"Baba, mwache," nilisema. Nikauvuta mkono wake. "Mwache! Ni mimi. Niliupiga mimi asubuhi. Na nikasema nimeutunga mimi."

Baba alimwachia Tatino. Hakunipiga. Alinishika mkono tukaenda hadi jukwaani, Bibi akitufuata polepole. Mbele ya Bwana Anselme, mbele ya Odile na wote waliokuwa wamenisifu, nilisema ukweli wote.

Bwana Anselme alivua kofia. "Mama, sikujua," alimwambia Bibi. "Hautapigwa." Bwana Pieter alitoa simu yake akafuta ile rekodi huku Bibi akitazama. Odile aliinamisha kichwa. Hakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Kambini Baba alimwomba ndugu yake radhi, wakakumbatiana. Ila mke wa Tatino hakusema na Baba hadi tulipoachana wiki iliyofuata. Neno baya likishatoka halirudi.

Nilikwenda kupiga magoti mbele ya Bibi.

"Nisamehe, Bibi. Najua sikupaswa kuupiga."

"Kupiga?" Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mtoto kupiga wimbo kabla ya wakati wake, hilo ni kosa la mtoto, ningekugombeza likaisha. Uliupiga vizuri. Niliambiwa watu walinyamaza."

"Sasa, Bibi, mbona umeudhika hivi?"

"Nisikilize, mjukuu wangu. Unadhani tulichoma vitu vyake kwa nini? Ili mtu yeyote asije akalivaa koti lake na kusema ni langu. Asije akalishika gita lake na kusema ni langu. Wimbo hauchomeki, Savina. Kwa hiyo tulinyamaza, ubaki wake. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho duniani. Nawe ulipoulizwa ni wa nani, ukamnyang'anya, na yeye hana mdomo wa kukukatalia. Aliye hai ukimwibia atapiga kelele. Kwa asiyeweza kusema, mlinzi wake ni ukweli wako tu."

Saa kumi na moja muziki ulianza upande wa jukwaa, nyimbo nyingine. Tulikaa tukamenya viazi vilivyobaki, mimi na yeye, hadi vikaisha.