Probox ya Runazi

"Dar es Salaam?" Jovina aliacha kukanda unga. "Baba Iteka, utoke hapa Kanazi mpaka Dar es Salaam kufuata Probox?"

"Kule magari yamejaa. Unachagua kama nyanya sokoni."

"Juzi ulisema Mwanza. Kabla ya hapo ilikuwa Kahama. Kila nikiamka gari limezidi kuwa mbali."

Venance alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu ambazo zilishafungwa. Kila asubuhi alishuka Kabanga, mpakani na Burundi, kubadilisha faranga na shilingi, na ndoto yake ilikuwa moja: mchomoko wake mwenyewe, gari dogo la kupakia abiria wa Ngara mjini na Kabanga.

"Na hii je?" Jovina alijifuta mikono kwenye kanga, akamwekea simu machoni. Ilikuwa picha ya Probox nyeupe iliyoegeshwa mbele ya duka. Derick, rafiki wa Venance, aliituma kwenye simu ya Jovina, na chini yake, pamoja na namba ya mwenye gari, alikuwa ameandika:

"Kaka, chuma hiki hapa. Mwenye nacho macho yamechoka, haendeshi tena. Kipo Runazi. Usije ukaniambia umekosa."

"Unatoka asubuhi, jioni umerudi nacho," Jovina alisema. "Nauli ya Dar si ungenunulia tairi?"

"Runazi hapana."

"Kwa nini?"

"Nimesema hapana, Mama Iteka."

Akatoka. Hata chai hakunywa.

Jovina alibaki ameshika simu. Runazi ndiko alikozaliwa. Ndiko alikoondoka alfajiri moja na mfuko wa nguo, mimba ikianza kuonekana, akapanda nyuma ya pikipiki ya Venance bila kumuaga mtu. Mshenga hakufika kwao. Ng'ombe wa mahari hakufika, hata kuku. Kwa Wasukuma kama baba yake, mzee Bulugu, binti akiondoka hivyo wazazi hubaki wakiangalia chini kila harusi ya jirani.

Na huku Kanazi, Jumapili kanisani watu wakipanga mstari wa kukomunika, yeye ambaye hajafunga ndoa hubaki kwenye benchi akijifanya ananyonyesha, hata mtoto akiwa amelala fofofo.

*Ananionea aibu,* aliwaza. *Hataki hata kuonekana kule ninakotoka.*

Mchana alishindwa kuvumilia. Akapiga ile namba iliyokuwa chini ya picha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naulizia gari. Bado lipo?"

"Lipo, mama, lipo... Hebu ngoja. Hiyo sauti! Wewe si Jovina wa Bulugu?"

Alikuwa mzee Frednand, mwenye duka jirani na kwao, aliyekuwa akimpa peremende tangu hajaanza shule.

"Umekosea namba, baba," Jovina akasema, kisha akakumbuka kuwa ni yeye aliyepiga. Akakata simu.

Haukupita muda, ujumbe ukaingia: "Jovina mwanangu, macho yangu ndiyo mabovu, masikio mazima. Gari nawawekea. Msalimie mkwe wetu."

Mkwe wetu! Alilisoma neno lile mara nyingi, kila mara likimchoma upya.

Kesho yake jioni Venance alikuwa anakula, Jovina yuko na Iteka kwenye beseni, povu mpaka viwikoni. Simu ikaita. Ni Deodata, mama yake Jovina, ambaye humpigia kwa kuiba iba, mzee akiwa machungani.

"Nipokelee, weka sauti kubwa," Jovina alisema.

"Mama Iteka! Mwanangu, tumesikia neema! Frednand ametangaza dukani, Runazi nzima inajua mnanunua gari."

"Mama, bado hatuja..."

"Niache nimalize, salio dogo. Baba yako tangu jana yuko na panga, anafyeka njia kutoka barabarani mpaka nyumbani. Mihogo yangu ya pembeni yote ameikata! Namuuliza, mzee, vipi tena? Ananiambia, gari la mkwe lisije likakwaruzwa."

Venance aliacha kutafuna.

"Baba? Baba huyu asiyetaka kusikia jina langu?"

"Huyo huyo. Ila kuna neno anauliza, na mimi naona haya kulisema." Sauti ya mama ilishuka. "Anauliza, gari litapita njia ile kwanza, au ng'ombe ndio watatangulia?"

Simu ikakatika. Salio lilikuwa limeisha.

Iteka peke yake alikuwa akipiga maji kwa viganja na kucheka.

"Umesikia," Jovina alisema.

"Nimesikia."

"Dar una mwanamke?"

"Sina."

"Basi niambie leo. Unanionea aibu mimi, au unakuonea aibu kwetu?"

"Najionea aibu mimi!" Venance alisukuma sahani. "Nikanunue gari Runazi, baba yako asimame pale dukani aniangalie? Kijana aliyemtorosha binti yake, pesa ya gari anayo, ng'ombe hata mmoja hana! Ningeweka wapi uso wangu? Dar hakuna anayenijua. Ningerudi nalo kimya kimya, na mtu akiniuliza ningemwambia ni la bosi, mimi dereva tu."

Jovina alimtoa mtoto kwenye beseni, akamfunga kwenye kanga taratibu sana.

"Ungesema gari ni la bosi."

"Ndiyo."

"Na mimi huwa unasema ni wa nani?"

Wote wawili walikumbuka siku ile Kabanga, wenzake walipouliza yule dada ni nani, naye akajibu, "Mama wa mtoto wangu," macho yakiangalia pembeni. Jovina alisikia. Hakuwahi kumuuliza.

Mwanamume alifunika uso kwa viganja. "Nisamehe, Jovina."

"Usidhani nakuhukumu. Kwenye pikipiki nilipanda kwa miguu yangu. Mwenzako kila Jumapili najificha nyuma ya mtoto huyu. Nimechoka, Venance."

"Ng'ombe wakitangulia, gari tunaweza kulikosa."

"Tulikose."

Jumamosi walipanda basi, wao na baba mdogo wa Venance, mzee Aristides, aliyekubali kuwa mshenga. Chini kwenye buti kulikuwa na mbuzi wa kuomba radhi. Alilia safari nzima utadhani ndiye aliyetorosha mtu.

Njia ya kwa Bulugu ilikuwa pana kweli, visiki vya mihogo bado vyeupe. Watu wazima watatu na mbuzi walitembea katikati yake, na majirani wakatoka majumbani kuangalia.

"Gari liko wapi?" mama mmoja aliuliza bila kushusha sauti.

"Si hilo hapo, lina pembe!" mwingine akamjibu. Kicheko kikapita nyumba hadi nyumba.

Jovina alitamani ardhi ipasuke. Iteka alikuwa mgongoni, akawapungia mkono wanaowacheka.

Kwenye ukingo wa uwanja Venance alisimama, akavua kofia. Aliyetorosha binti hakanyagi uwanja wa wakwe mpaka aitwe. Mzee Bulugu alikuwa katikati, panga bado mkononi, jasho linamtiririka. Aristides ndiye aliyesogea.

"Wenye mji huu, tumekosa."

"Mmekosa nini?"

"Tulichukua mtoto bila kuomba. Mbuzi huyu ni wa kuomba radhi. Ng'ombe watakuja kabla ya gari. Kijana amesema mwenyewe, hatukumlazimisha."

Bulugu alimwangalia Venance, akamwangalia mbuzi.

"Nimefyeka mpaka mgongo umekufa ganzi, halafu mnaniletea mbuzi kwa miguu?"

Jovina alipiga magoti palepale kwenye visiki.

"Baba, shikamoo."

Mzee alichomeka panga ardhini. "Marahaba," akasema, sauti imekwaruza. Akageuza uso kuelekea dukani kwa Frednand. "Gari lile ndilo lililompeleka mama yako hospitali mvua zilizopita. Frednand aliendesha kwa kupapasa barabara, haoni. Nikawa nawaza, ningekuwa na mkwe, angeendesha yeye."

Jovina alimtazama mama yake. Deodata aliangalia pembeni, akijifunga upya kanga isiyolegea. Miezi yote ile ya kupiga simu kwa kuiba, hakuwahi kumwambia. Jovina naye hakuwahi kuuliza zaidi ya "mnaendeleaje" na kukata. Machozi yalimdondoka kwenye vumbi, na hakutafuta mtoto wa kujificha nyuma yake.

Pale ukingoni Venance alikuwa amekunja kofia hadi imekuwa kitambaa.

"Wewe nawe ingia," Bulugu alimwambia. "Uwanja hauumi."

Ng'ombe walifika baada ya mavuno ya maharage. Gari lilisubiri chini ya turubai mbele ya duka, na kila mnunuzi aliyelisogelea alimkuta Bulugu amekaa hapo na panga lake.

"Lina mwenyewe hilo. Mkwe wangu."

Siku lilipopanda ile njia, halikukwaruzwa popote. Lakini siku ya kwenda Kanazi, Jovina na Venance wafunge ndoa kanisani, Deodata alikataa katakata kukaa karibu na mkwe, kama mila inavyotaka, akajibana nyuma kabisa pamoja na kuku, na kila kona akapaza sauti: "Jovina, mwambie mumeo apunguze mwendo!"

Kanisani, watu walipopanga mstari wa kukomunika, Jovina alimkabidhi Iteka kwa bibi yake. Akasimama mstarini kama wenzake.

Jumatatu Probox iliingia Kabanga. Wabadilisha fedha wakaizunguka, wakapiga boneti, wakachungulia vioo.

"Venance! Umepata kazi ya udereva? La bosi gani hili?"

Jovina, kiti cha mbele, alishusha macho kwa mazoea.

"La kwangu," Venance alisema. "Nimelinunua ukweni."

"Duh! Na huyo uliyempakia je?"

Alizima injini kwanza, wasije wakasingizia kelele.

"Mke wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa Burundi.