Jaruba la Harusi

"Ndalahwa, hilo tope la magotini umelitoa wapi?"

"Shambani."

"Shamba gani? Jaruba letu la mpunga limekauka mpaka limepasuka!"

Ndalahwa akacheka, akabeba jembe lake, huyoo. Suzana akabaki mlangoni roho inamchemka. Tangu mvua ikatike, hapa Igoma tope lilibaki kwa mtu mmoja tu: Dorotea, mwenye jaruba lililo juu ya lao. Na Dorotea ndiye aliyekuwa mchumba wa Ndalahwa kabla yake. Wewe ungetulia?

Harusi yenyewe ilining'inia kwenye mpunga. Wiki ile ya Uhuru, mzee Nkwabi, baba yake Suzana, alishatoa neno: "Nchi imejitawala, mkwe naye ajitawale. Mpunga wa harusi mlime wenyewe. Ukikosekana, binti yangu haendi kwa mtu."

Mchana Suzana akamfuata mchumba wake, akajibanza nyuma ya jiwe kubwa. Lo! Ndalahwa yumo ndani ya jaruba la Dorotea, kainama, anapalilia. Dorotea kasimama ukingoni na kibuyu cha togwa.

"Kunywa kwanza, usije ukaniangukia hapa."

"Lete. Ila Suzana asijue."

Asijue! Mama yake Dorotea alipowaita wakale, Suzana akatoka mafichoni, akaliokota jembe la Ndalahwa.

"Ngoja nikukaushe, tuone utamvuta na nini!"

Akaukata ukingo uliozuia maji. Hasira ilimsahaulisha kwamba chini ya jaruba lile kuna lake mwenyewe. Maji yakaporomoka kwa kishindo, yakang'oa miche yote ya harusi, ikaelea kama takataka. Akarukia majini, akawa anaikusanya kwa mikono huku analia.

Ndalahwa akaja mbio.

"Suzana! Umefanya nini?"

"Wewe unafanya nini kwa huyu mwanamke?"

"Nampalilia! Tumepatana nikimaliza anifungulie maji, yashuke kwetu taratibu. Nilikuwa namaliza leo!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekubali mpunga wako unywe maji ya Dorotea?"

Suzana alijijua. Asingekubali kamwe.

Dorotea naye akafika, akalitazama jaruba lake tupu.

"Mwanamume nilikuachia. Na maji nayo unayataka?"

"Nisamehe, dada."

"Mimi si dada yako! Kitaluni kwangu kuna miche iliyobaki. Chukueni mpande upya, na huu ukingo uuzibe wewe mwenyewe. Ila siku ya harusi, anayepakua ni mimi."

"Utampakulia nani?"

"Wote. Na bwana harusi ndiye wa kwanza."

Suzana alihisi kama kapakwa pilipili moyoni. Akatazama miche inayoelea, akamkumbuka baba yake.

"Haya, pakua," akasema kwa shida, akashika jembe.

Mpunga ulikubali. Baada ya mavuno ndoa ikafungwa, na mzee Nkwabi akaomba sahani ya pili mbele ya wageni. Dorotea alikuja na upawa wake, kajifunga kanga mpya, akamjazia Ndalahwa wali mpaka ukamwagika mkekani.

"Inatosha!" bibi harusi akadakia, macho yamemtoka.

Dorotea wala hakumtazama.

"Kula, shemeji," akamwambia Ndalahwa. "Umeutolea jasho."

Shemeji! Suzana alimkazia macho, akangoja aone kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akaisogeza sahani yake polepole.

"Na mimi niongezee, dada."

Safari hii Dorotea hakumkatalia. Akapakua.