Nyayo Kwenye Chapa ya Torunn

Haya yalimpata rafiki yangu Torunn, mchonga chapa za mbao kule Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwe, adhuhuri moja ya Desemba, majira ambayo jua halichomozi kabisa. Alichapa picha ya ufuko wenye theluji mbele ya nyumba yake, na karatasi ikatoka na nyayo nyeusi kutoka baharini hadi mlangoni pake. Akapapasa ubao. Mahali penye nyayo alishapachimba ili patoke peupe. Wino haukuwa na pa kushika.

“Uchome huo ubao, dada!” mdogo wake Ragnhild alilia.

“Sichomi! Kazi ni yangu.”

Akachapa tena. Nje theluji ikalia chwaru, chwaru, kama inakanyagwa, ikanyamaza mlangoni. Torunn akafungua kwa hasira.

“Haya, ingia basi!”

Hapakuwa na mtu, na theluji haikukanyagwa. Kwenye kitasa cha nje ilining'inia glavu ya sufu, ikichuruzika maji ya chumvi, na ndani bado ina joto la mkono.